Eti Gen Z Wapelekwe Jeshi kwa Lazima? Kabla Uitikie, Uliza Maswali Haya Matatu

Vijana wakiingia barabarani nchi hii, kuna sentensi moja lazima utaisikia. Utaipata kwa matatu, kwa baraza la chifu, kwa meza ya nyama choma na kwa WhatsApp ya familia: "Hawa watoto wanafaa kupelekwa jeshi kidogo, wanyooshwe." Baada ya Juni 2024, Gen Z walipoukataa Mswada wa Fedha na kufika mpaka ndani ya Bunge, sentensi hiyo ilirudi na nguvu mpya.

Pengine hata wewe umeisema. Kijana wako ana miaka 20, saa tano asubuhi bado yuko kitandani, simu iko kifuani, na ukimuuliza mpango wa siku anakuambia "nasaka." Hapo jeshi linaanza kukaa dawa. Aamshwe saa kumi alfajiri, akimbizwe, ajue kutandika kitanda, ajue kuna bendera.

Sawa. Hebu tuichukue hiyo idea kama kitu serious, si kama matusi ya mzee aliyechoka. Nchi nyingi zinafanya, na zingine ni za maana. Lakini ukiziangalia moja moja, utaona hakuna huduma ya lazima ya aina moja. Kuna ile kijana anatoka akiwa mtu, na kuna ile anaingia na hatoki. Tofauti iko kwa majibu ya maswali matatu tu.

Lakini kwanza kuna kitu cha kuchekesha kuhusu Kenya.

Kwani nani amekataa kuenda?

Nenda uwanja wowote siku KDF wanasajili. Vijana wanafika usiku, wamevaa kaptula chini ya suruali, vyeti viko kwa bahasha ya kaki. Wanapimwa urefu, wanapimwa kilo, wanaangaliwa meno, wanakimbizwa juani. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo na ile bahasha yao. Unahitaji D ya KCSE kuingia kama kuruta wa kawaida, lakini kwa hiyo laini utapata watu wa diploma na digrii wakijaribu bahati.

Na wengine hawaachii bahati. Wazazi wameuza ng'ombe, wameuza kipande cha shamba, pesa ikaenda kwa jamaa aliyesema anajua mkubwa fulani. Kila usajili KDF hutoa onyo kwamba kazi hainunuliwi, na kila usajili kuna mtu anajitokeza kambini na barua feki ya kuitwa akiwa amevaa suti, mathe amemuombea, na anaishia seli.

Sasa jiulize. Nchi ambayo vijana wanaibiwa pesa wakitafuta kuingia jeshi, ni kwa nini inahitaji sheria ya kuwalazimisha? Jeshi letu ni la kujitolea na halijawahi kukosa watu. Hata NYS pale Gilgil, watu wanaoomba ni wengi kuliko nafasi.

Kwa hivyo mtu akikuambia Kenya inahitaji huduma ya lazima, haongei kuhusu upungufu wa wanajeshi. Anaongea kuhusu adabu. Anataka kijana mtulivu. Na hiyo ya kutafuta kijana mtulivu, wasee, tulishaijaribu.

Tulifanya hii kitu 1984

Waliosoma miaka ya themanini wanajua. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walijaribu kupindua serikali ya Moi, na baadhi ya wanafunzi wa University of Nairobi wakaingia tao kushangilia. Mapinduzi yalizimwa, chuo kikafungwa kwa muda mrefu. Kufikia 1984 serikali ikaja na mpango: ukipita mtihani wa kuingia chuo kikuu, huendi chuo moja kwa moja. Unapitia NYS kwanza. Kombati, kwata, jembe, uji.

Kuna watu wazima leo wanakumbuka hizo siku na kicheko. Mtoto wa Muthaiga na mtoto wa Turkana waliosha sufuria pamoja, na hilo ni jambo la maana sana, tutalirudia. Lakini kama lengo lilikuwa kunyamazisha wanafunzi, hesabu haikutoka. Februari 1985 polisi walivamia wanafunzi waliokusanyika University of Nairobi na damu ikamwagika. Mwaka wa 1987 chuo kikafungwa tena kwa sababu ya vurugu. Kufikia 1990, mwaka wa Saba Saba ya kwanza, mpango wa NYS kwa wanaoingia chuo ukaachwa.

Na ukifikiria vizuri, hakuna ajabu. Vijana hawakuwa wanapiga kelele juu ya kukosa kwata. Walikuwa na mambo wanataka. Ukimpeleka kijana kambini miezi kadhaa bila kujibu jambo lake, anarudi na jambo lile lile, na sasa ana kifua.

Basi tuje kwa yale maswali.

Swali la kwanza: natoka lini?

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kuna nchi moja inatufundisha kwa nini. Eritrea.

Mwaka wa 1995 Eritrea ilipitisha sheria: kila kijana, mvulana na msichana, atatumikia taifa miezi 18. Ilikuwa nchi mpya, imetoka kupigania uhuru miaka 30, na watu walikuwa na moyo. Miezi 18 si mingi. Halafu 1998 vita na Ethiopia vikaanza, vikaisha 2000, lakini vijana hawakuachiliwa. Miezi 18 ikawa miaka, miaka ikawa haina hesabu. Wanafunzi wakapelekwa kumalizia mwaka wa mwisho wa sekondari kwa kambi ya jeshi ya Sawa, ili kutoka darasani hadi kambini kusiwe na mlango wa kuhepa. Mtu anaingia akiwa na miaka 18, anajikuta na miaka 35, ana watoto, bado ni "kijana wa huduma," analipwa kitu kidogo kisichoweza kulisha nyumba, na kazi anayopewa wakati mwingine ni ya ualimu, ya shamba au ya mjengo, si ya bunduki.

Mwaka wa 2018 Eritrea na Ethiopia zikapatana, viongozi wakakumbatiana, mipaka ikafunguliwa. Kila mtu akadhani sasa vijana watarudi nyumbani. Hawakurudi. Sababu iliisha, lakini kambi ikabaki.

Ndiyo maana ukiuliza wale vijana wa Eritrea walioko Nairobi, Kampala au waliovuka Bahari ya Mediterania kwa mashua, wengi hawatakuambia walikimbia njaa. Walikimbia kalenda isiyo na mwisho.

Sasa linganisha na jirani yetu wa kusini. Tanzania ina Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, tangu 1963. Walisimamisha huduma ya lazima 1994, wakairudisha 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Ni miezi mitatu. Kijana anajua siku ya kuingia na siku ya kutoka, baadaye anaenda chuo. Hata baadhi ya wabunge vijana walivaa kombati ule mwaka wa 2013 ili kuonyesha mfano. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini ina mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na kusema "vijana waende jeshi," usimuulize kama anapenda nchi. Muulize tarehe. Na muulize nani ana uwezo wa kuisongesha hiyo tarehe bila kurudi Bungeni.

Swali la pili: nani ataachwa nje?

Hapa hata mafans wa K-pop wako na la kusema. Korea Kusini kila mwanaume mwenye afya anatumikia, karibu mwaka mmoja na nusu kwa jeshi la nchi kavu. Ilipofika zamu ya BTS, kikundi kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo, kinachoingizia nchi mabilioni, kulikuwa na mjadala mkali: wasamehewe? Jibu likawa hapana. Jin akanyolewa akaingia Desemba 2022, wengine wakafuata mmoja mmoja, na kufikia Juni 2025 wote saba walikuwa wamemaliza. Waliacha stage, wakaacha doo, wakaenda kupiga saluti kama mtoto wa muuza samaki.

Si eti Korea haina misamaha. Son Heung-min aliponea kwa sababu timu yao ilishinda dhahabu ya Michezo ya Asia 2018, akafanya wiki tatu tu za mafunzo. Lakini hiyo kanuni ilikuwa imeandikwa kabla yake, na kila mtu anaijua. Ukijaribu kuhepa kijanja, nchi haisahau. Mwimbaji Steve Yoo alichukua uraia wa Marekani 2002 badala ya kuingia kambini. Akapigwa marufuku kurudi Korea, na zaidi ya miaka 20 baadaye bado jina lake linachemsha watu.

Sasa leta hiyo kitu hapa kwetu, na usicheke. Mtoto wa mheshimiwa anasoma Uingereza. Je, atarudi Gilgil kulala kwa bweni la watu mia? Ama atapata barua ya daktari? Tunajua hii nchi. Msee akikosa ukoo, anaingia. Akiwa na ukoo, anaitwa kwa simu aambiwe amepangiwa ofisi.

Tanzania walikutana na hili swali mapema. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakipinga masharti ya huduma ya lazima, hasa lile la kukatwa mishahara. Hoja yao kubwa ilikuwa: mbona sisi tukatwe na wakubwa wanaishi vizuri? Nyerere alikasirika, akafukuza karibu wanafunzi 400. Lakini siku hiyo hiyo pia alitangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kusema adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, na mimi nakubali. Ila tambua kitu kimoja: hata yeye aliona hawezi kuitisha kijana jasho bila kuanza na mfuko wake. Wewe unamjua kiongozi gani wa hapa angetoa hiyo asilimia 20?

Swali la tatu: nikitoka, nabeba nini?

Ukipita Kariokor ukienda kula nyama ama kununua kiondo, kumbuka jina lilitoka wapi. Ni "Carrier Corps," kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapita kwa ulimi wetu ikawa Kariokor. Dar wakaita Kariakoo. Mwaka wa 1917 serikali ya mkoloni ilifanya msako mkubwa vijijini, ikakusanya wanaume kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza kuelekea vita na Wajerumani kule Tanganyika. Zaidi ya 40,000 kutoka upande wetu hawakurudi, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara na chakula kibaya. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao. Walichopata ni sanamu Kenyatta Avenue na jina la soko.

Hiyo ndiyo huduma ya lazima ya kwanza ambayo sehemu hii ya dunia iliijua vizuri: walichukua mwili, hawakulipa.

Leo hakuna anayezungumzia kubeba masanduku porini, lakini swali ni lile lile. Kule Tanzania, vijana wa JKT wa kujitolea, si wale wa miezi mitatu, wamekuwa wakiingia na tumaini la kupata ajira jeshini. Aprili 2021, kikundi chao Dodoma kiligoma na kutaka kwenda Ikulu ya Chamwino kudai ajira waliyoamini wameahidiwa. Mkuu wa Majeshi akawafukuza 854. Walikuwa wamejenga, wamelima, wamekesha. Walitoka na begi.

Hapa kwetu, NYS ya sasa ni ya kujitolea: mafunzo ya kambini, kazi za taifa, halafu kozi ya ufundi. Kijana akitoka na cheti cha umeme ama mekanika anachoweza kutumia Githurai kesho yake, hiyo ni deal. Akitoka na picha ya kombati ya kuweka TikTok tu, tumempotezea muda.

Na kuna kitu kimejificha hapa ambacho nataka ukishike. Rais Ruto ameshasema hadharani kwamba asilimia 80 ya makuruta wa vikosi vya usalama watoke NYS. Haijaitwa lazima. Lakini ukiwa kijana wa Kisii ama Garissa, huna connection, huna karo, na mlango karibu wote wa kazi ya serikali yenye sare unapitia Gilgil, una chaguo gani? Mtoto wa tajiri atachagua. Wewe utasukumwa na tumbo. Kuna lazima ya sheria na kuna lazima ya njaa, na hii ya pili haipigiwi kura Bungeni.

Na doo itatoka wapi?

Hebu tupige hesabu ya mama wa kibanda. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Tuseme wote wanaenda miezi mitatu kama Tanzania, na tunamlisha kila mmoja kwa Sh300 kwa siku tu, chai, githeri na ugali. Siku 90 ni Sh27,000 kwa kichwa. Zidisha kwa 960,000: karibu Sh26 bilioni. Hiyo ni dishi pekee. Hujanunua buti, hujajenga bweni, hujalipa afande, hujampeleka aliyeumwa na nyoka hospitali. Hata Tanzania, kuna miaka nafasi hazikutosha na si wote wa kidato cha sita walioitwa.

Na nani atashika hizo pesa? Kashfa ya NYS ya 2015 ilikuwa ya Sh791 milioni. Ya 2018 ikatajwa kuwa karibu Sh9 bilioni, na hapo vijana walikuwa wachache. Ukiweka vijana laki tisa, kuna watu washaanza kusajili kampuni za kusupply maharagwe.

Halafu kuna Katiba. Kifungu cha 30 kinasema mtu asilazimishwe kufanya kazi ya shuruti. Mkataba wa 1930 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya imeukubali, unaruhusu huduma ya lazima kama kazi ni ya kijeshi kabisa. Kuchimba mitaro, kusafisha mto na kuvuna pamba si kazi ya kijeshi. Kwa hivyo ile ndoto ya "waende wajenge nchi" itakutana na wakili Milimani kabla ifike Gilgil.

Lakini wazee hawajakosea yote

Nisikudanganye, kuna sehemu ya hii hoja ina ukweli. Nchi hii kijana anaweza kumaliza form four bila kuwahi kulala nyumba moja na mtu wa kabila lingine. Tulichoona 2007 na 2008 kilitokana kwa sehemu na hilo: watu waliojuana kwa majina ya mwisho tu. Wale wa 1984 wakikumbuka kitu kizuri, hawakumbuki kwata. Wanakumbuka beshte kutoka upande mwingine wa nchi ambaye mpaka leo wanapigiana simu.

Hiyo faida ni ya kweli, na haihitaji kulazimisha mtu. Tayari kuna maelfu wanagonga mlango wa NYS. Wafungulie zaidi, changanya mabweni, wape ufundi unaouzika, walipe kwa wakati, na chapisha majina ya waliochukuliwa ili mathe wa Bungoma asiuze ng'ombe. Ukifanya hivyo halafu bado ubaki na nafasi hazina watu, rudi tuongee kuhusu lazima.

Kwa sasa, mheshimiwa akishika maiki kwa mazishi na kusema vijana wapelekwe jeshi, usipige makofi haraka na usimtukane. Inua mkono umuulize: tunatoka lini, mtoto wako anaingia bweni gani, na tukitoka tunabeba nini. Kama ana majibu matatu yaliyoandikwa kwa sheria, tumsikilize. Kama hana, basi anachotaka si jeshi. Anataka unyamaze.